Neno ambalo halikusomwa

Soma maneno haya polepole, mara moja tu, kwa sauti kama uko peke yako: wavu, mtumbwi, ndoana, magamba, ziwa, sambaza, mapezi, mvuvi, kukaanga, miiba, tilapia, chambo. Basi, usiyarudie kwanza.

Orodha kama hiyo ndiyo ninayowasomea wanafunzi wa saikolojia hapa Goma, tunapofungua somo la kumbukumbu. Nikimaliza nawapa hesabu za kutoa kwa dakika mbili, ili kichwa kishughulike na kingine. Kisha kila mmoja anaandika anayoyakumbuka, bila kubahatisha.

Sasa nikuulize wewe. Kwenye orodha ile kulikuwa na "mtumbwi"? "Dirisha"? "Samaki"? "Ndoana"?

Kama umekubali samaki, una wenzako wengi. Neno hilo halimo. Panda juu uhakikishe.

Jaribio lenyewe lina umri. Mmarekani James Deese alilichapisha mwaka 1959, likasahaulika kwa muda mrefu, hadi Henry Roediger na Kathleen McDermott walipolifufua mwaka 1995. Katika jaribio lao la kwanza, neno lisilosomwa liliandikwa kwa asilimia 40 ya orodha; katika la pili, lenye orodha za maneno 15, ikafika asilimia 55. Na hawakuwa watu wa kusema "labda". Walipoulizwa kama wanakumbuka hasa wakati neno linasomwa au wanahisi tu kwamba lilikuwemo, wengi walisema wanakumbuka.

Hapo ndipo penye utamu wake. Mwaka mmoja msichana wa safu ya mbele alinibishia kabisa: "Hapana, Prof, ulisema samaki. Ulikohoa, halafu ukasema samaki." Kukohoa nilikohoa kweli, ila baada ya kikohozi lilifuata neno "tilapia". Kumbukumbu yake ilichukua kitu cha kweli ikakibandika kwenye neno ambalo halikutoka kinywani mwangu.

Inakuwaje? Maneno kichwani yanaishi kama majirani: ukigonga mlango wa mmoja, wa pili anachungulia. "Wavu" unamwamsha samaki, "magamba" yanamwamsha tena, na ukifika "chambo" ameshaamshwa mara kumi na mbili. Huenda umemtaja moyoni bila kujua. Baadaye akili inatakiwa kutenganisha lililosikiwa na lililowazwa tu, na yote mawili yana sura moja. Wataalamu wengine wanasema tunahifadhi vitu viwili, maneno yenyewe na maana ya jumla, na maneno hufifia mapema kuliko maana. Mimi sioni haja ya kuchagua upande, ingawa maelezo ya kwanza ndiyo yananisaidia kuelewa kile kikohozi.

Watoto wadogo hunaswa na mtego huu kidogo kuliko watu wazima, kwa sababu bado hawajayafunga maneno pamoja kama sisi. Na ukiwaonya watu mapema kwamba kuna mtego, makosa yanapungua lakini hayaishi.

Anayetaka kujaribu nyumbani asitafsiri orodha za Wamarekani. Deese alitumia maneno ambayo watu wa kwao huyataja wenyewe wakipewa neno fulani. Nasi tuwaulize watu wetu. Mtu asiyekulia kando ya Ziwa Kivu akisikia "sambaza" anaweza kufikiria kitenzi tu, si wale samaki wadogo wanaouzwa kwa bakuli sokoni. Lugha nayo haizuii: nasoma orodha nzima kwa Kiswahili, na karatasi fulani zinarudi zimeandikwa "poisson", yaani samaki kwa Kifaransa.

Orodha ya maneno si ajali ya barabarani, na sipendi mtu atumie jaribio hili kumwita shahidi mwongo. Lakini mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha watu filamu ya magari yakigongana. Wengine waliulizwa mwendo wa magari "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Wiki moja baadaye, 16 kati ya 50 waliosikia neno kali walisema waliona vioo vilivyovunjika. Waliosikia neno la kawaida walikuwa 7 kati ya 50. Filamu haikuwa na kioo kilichovunjika.

Kwa hiyo motari, dereva wa pikipiki, akigongana na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwenye rond-point, yaani mzunguko wa barabara, na watu wameshaanza kutupa maneno, "mbio, breki, pombe", anayeandika PV, ile ripoti rasmi ya tukio, angemwacha kwanza kila shahidi aeleze peke yake, kabla hawajakaa pamoja kwenye kibanda cha chai. "Uliona nini?" itangulie. "Alikuwa amelewa?" ikiulizwa mapema, imeshapanda mbegu. Na iandikwe kando lipi aliliona kwa macho na lipi aliambiwa.

Yule msichana? Mwenzake wa nyuma alikuwa amerekodi somo kwenye simu. Tukasikiliza darasa zima. Kikohozi kikasikika, samaki hakusikika. Akaomba irudiwe, akasikiliza akiwa ameinama kabisa juu ya meza, halafu akasema simu labda imekata kipande.