Kwa nini dunia haitikisiki macho yanapohama

Unaposoma, macho yako huruka kutoka neno hadi neno takriban mara tatu kwa sekunde. Kila yanaporuka, picha nzima huteleza juu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), lakini ukurasa unauona umetulia tuli. Hii ni kwa sababu amri inayokwenda kwenye misuli sita ya jicho hutolewa nakala, nayo hupelekwa kwenye sehemu za ubongo zinazochambua picha. Sehemu hizo hujua mapema picha itahama kiasi gani, zikakitoa kiasi hicho kwenye hesabu. Kanuni hii ilielezwa mwaka 1950 na Erich von Holst na Horst Mittelstaedt wa Ujerumani.

Unaweza kuuhadaa mfumo huo. Funga jicho moja, kisha kwa ncha ya kidole sukuma polepole kope ya chini ya jicho lililo wazi, upande wa nje. Chumba kitasogea! Safari hii jicho limehamishwa na kidole, si kwa amri ya misuli yake. Nakala haikutumwa, hivyo ubongo unaamini kilichohama ni chumba. (Mwenye presha ya macho au aliyefanyiwa upasuaji wa jicho asijaribu.)

Kichwa kinapotikisika, kazi ya kutuliza picha hufanywa na sikio la ndani: huhisi mwendo wa kichwa, na macho hugeuzwa upande wa pili. Nyoosha mkono, tazama mistari ya kiganja, kisha upunge mkono haraka: mistari inavurugika. Tuliza mkono, tikisa kichwa kwa kasi ileile: mistari inabaki wazi. Jicho likifuata kitu kwa kuona huchelewa karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Taarifa ya sikio hufika kwenye misuli ya macho kwa takriban sehemu ya mia moja tu.

Njia hii ya pili ndiyo inayoharibiwa na gentamicin, dawa ya sindano inayotumika sana hospitalini. Inaweza kuua seli za usawa za sikio la ndani, nazo hazioti tena. Mgonjwa akisimama anasoma bango vizuri. Akitembea, maandishi yanarukaruka, na gizani anapepesuka. Kipimo cha usikivu hakitoshi kugundua tatizo, kwani anaweza kuwa anasikia vizuri kabisa. Wenye figo dhaifu wako hatarini zaidi, maana dawa hutolewa mwilini kupitia figo. Dalili hizi daktari aambiwe siku hiyohiyo, dozi isingojewe iishe.