Kusoma sheria chuo cha mkoani: ajira ziko wapi hasa?

Kila msimu wa udahili majina yakianza kutoka, hapa ofisini kwangu Kahama haipiti wiki bila mzazi kuingia na simu mkononi, ananionyesha meseji ya chuo, eti wakili, mwanangu kachaguliwa sheria ila sio Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni chuo cha huko mikoani, nimpeleke au asubiri mwakani? Juzi kaja mama mmoja anauza mchele sokoni, binti yake kapata LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, tumeongea karibu saa nzima na mteja wangu anasubiri nje. Alipoondoka nikasema hili jambo niliandike, maana wanaouliza ni wengi na wanachojibiwa mtaani ni vitisho tu.

Mi mwenyewe nimesoma mkoani. Nilipoanza kutafuta sehemu ya kujifunzia kazi Dar kuna ofisi moja waliangalia jina la chuo kwenye CV, wakairudisha mezani, wakaniambia tutakupigia. Hawakupiga. Iliniuma sana na sitamwambia mtu kwamba ubaguzi wa vyuo haupo. Upo, hasa kwenye zile ofisi kubwa za mawakili za Posta na Masaki zinazoshughulika na mabenki, gesi na wawekezaji, kule wanachukua watu waliowafahamu tangu fildi, yale mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi, na anayesoma Dar anaenda kuomba fildi kwa daladala wakati wewe unahitaji nauli ya basi na pa kulala. Kwa hiyo kama ndoto ya mtoto ni hizo ofisi tu na hataki kusikia kingine, mkoani atapata shida zaidi, lazima niliseme hilo wazi.

Ila wazazi wengi hawajui kitu kimoja: LLB peke yake haimfanyi mtu wakili, awe katoka Mlimani au popote. Zamani ukisema umesoma sheria watu wanajua ni Mlimani, sheria ndicho kitivo kilichoanza pale mwaka 1961. Siku hizi sheria inafundishwa Mzumbe, Dodoma, SAUT kule Mwanza, Iringa, Makumira, na wote hawa wakimaliza wanakutana sehemu moja, Law School of Tanzania pale Sam Nujoma Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Hapo ndipo watu wanapokwama. Mwaka 2022 yalitoka matokeo yaliyotikisa nchi, wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye sapu, yaani wa kurudia baadhi ya mitihani, 342, waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, 265, mpaka waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Sa hebu fikiria mzazi aliyeuza shamba kumsomesha mtoto halafu mtoto anarudi na neno disko. Kwa hiyo swali la kwanza sio chuo kinaitwaje, ni je, kitamwandaa avuke pale?

Na kuvuka pale ni kuandika, narudia, kuandika. Wengi wetu tumesoma LLB kwa kukariri notisi na kesi za mwalimu, siku ya mtihani unamwaga, unapata B yako unaondoka. Law School wanakupa mkasa wa mteja wanataka nyaraka, hati ya madai yenye kila kitu kinachotakiwa na Oda ya 7 ya sheria ya mwenendo wa madai, utetezi unaojibu aya kwa aya, hati ya kiapo iliyokaa sawa. Nakumbuka wakati nakaa chini ya wakili mkongwe niliandaa kiapo nikakipitia mara tatu, nikaona kiko safi kabisa. Kufika mahakamani wakili wa upande wa pili akasimama, mheshimiwa, sehemu ya uthibitisho haionyeshi kiapo kimeapwa wapi. Sheria inataka mahali na tarehe, mi nilikuwa nimeweka tarehe tu. Maombi yakatupwa, mteja ambaye alitoka kijijini na basi la saa kumi alfajiri akaniangalia usoni, na yule mzee wangu hakusema neno mpaka tumefika ofisini. Neno moja tu, Kahama, lilikosekana. Hicho kitu hakuna chuo kilichonifundisha, wala cha mkoani wala cha mjini, na ndio maana nasema mwanafunzi aanze kuandika nyaraka akiwa mwaka wa pili asisubiri Law School.

Tena vifaa vipo. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII, aliyeko SAUT Nyegezi anasoma hukumu ileile anayoisoma wa Mlimani, kinachohitajika ni bando na moyo. Soma hukumu moja kila siku, angalia ni wapi mtu kashindwa kwa sababu ya muda, kwa sababu ya baraza lisilo na mamlaka, kwa sababu ya nyaraka mbovu. Na Kiingereza jamani, tusidanganyane. Tangu mwaka 2021 sheria inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili, ni jambo zuri sana na wateja wangu wanafurahi kuelewa kesi zao wenyewe, lakini vitabu vingi na hukumu nyingi za miaka ya nyuma ziko kwa Kiingereza, asiyekisoma vizuri atateseka.

Sasa ajira. Serikalini maombi yanapita Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za serikali, unaitwa kwenye usaili wa kuandika ukipita unaenda wa mahojiano, na karatasi ya majibu haiulizi umesoma mji gani. Halmashauri zina maafisa sheria, kuna ofisi za mashtaka, kuna wanasheria wa serikali, na mahakimu wanaajiriwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Nafasi ni chache na wanaoomba ni wengi mno, usipange maisha kwa kutegemea tangazo moja. Ila soma vigezo, mara nyingi wanataka uwe umemaliza Law School, kwa hiyo tunarudi palepale.

Kuajiriwa na benki au kampuni, sawa, nafasi zipo, sio nyingi.

Kazi ninayoijua mimi vizuri ni ya huku kwetu. Mawakili kwenye orodha ya nchi wameshapita 10,000 na watu wanasema soko limejaa, lakini nenda wilaya za pembeni uone mtu anavyotafuta wakili wa kumsimamia kesi ya ardhi. Mashauri yangu mengi ni ardhi kwenye baraza la wilaya, mirathi, dhamana, na wafanyakazi wanaofukuzwa kazi. Mwaka jana alikuja kijana mlinzi, barua ya kuachishwa kaikunja mara nne kwenye pochi, nikahesabu tarehe kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, siku ya 28. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, angezubaa siku tatu tu ingebidi aanze kuomba kuongezewa muda. Tukajaza fomu jioni ileile. Hela aliyonilipa haikuwa kubwa ila alileta wenzake watano, na hivyo ndivyo ofisi ya mkoani inavyokua, mtu analeta mtu. Halafu tangu 2021 tunaruhusiwa kusimama hata mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi, na mirathi nyingi zinafunguliwa kule, mlango huo zamani ulifungwa kabisa.

Kwa hapa aliyesoma mkoani ana kitu mkononi. Makarani wanamjua tangu fildi, anajua hakimu anataka faili lipangweje, akiongea Kisukuma na bibi wa Ushetu kesi inaeleweka. Lakini mwaka wa kwanza ni mgumu, mi mwezi wa kwanza niliingiza 180,000, karibu yote ni ya kugonga mihuri kwenye viapo na mikataba, na hapo kuna kodi ya ofisi na ada za kuhuisha leseni kila mwaka. Mzazi ajue hilo. Na hela ya Law School ianze kuwekwa mapema, ada ni jambo moja, jingine ni kuishi Dar ambako mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Mkienda kukagua chuo ulizeni: kuna kliniki ya msaada wa kisheria inayopokea watu kweli? Walimu wangapi ni mawakili wanaosimama mahakamani? Wahitimu wao wanapita Law School? Wakianza kuwaonyesha majengo, rudieni swali.

Yule binti wa mama muuza mchele nimemwambia aje Jumatatu saa tatu kabla hajathibitisha udahili. Kuna shauri la mirathi linasikilizwa, mahakama ni ya wazi, akae benchi la nyuma na daftari, halafu aniambie anaonaje.