Rilei ya gari: kulia "tik" siyo uzima

Rilei ni swichi, ila haibonyezwi kwa kidole. Inabonyezwa na umeme. Ndani yake mna koili, waya mwembamba uliozungushiwa kipande cha chuma. Umeme ukipita humo, chuma kinageuka sumaku na kuvuta kiulimi, kipande kidogo cha kupitishia umeme, kigongane na mwenzake, na umeme mkubwa unapita hapo. Umeme ukikatika, springi inakirudisha. Ule mlio wa "tik" chini ya dashibodi ndio kiulimi hicho.

Swichi ya kawaida ingeshindwa kazi hii. Feni ya rejeta inaweza kula ampea 10 hata 20. Ukizipitisha kwenye kiswichi cha plastiki utanusa moshi. Koili ya omu 80 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye betri ya volti 12 inataka ampea 0.15 tu, nayo inauamrisha huo umeme mkubwa.

Dalili yake hapa Tanga wengi tunaijua. Gari linatoka Muheza mshale wa joto umetulia, kwa sababu upepo wa njiani unapooza rejeta. Likifika Ngamiani likasimamasimama juani, mshale unapanda. Unafunua boneti: feni imelala. Fyuzi nzima, na mota ukiiunga moja kwa moja na betri inazunguka. Hapo ishuku rilei.

Fundi mmoja kijana aliichomoa yangu, akaigusisha betri, ikalia. "Hii nzima, kaka." Akairudisha, feni ikaendelea kulala. Masikio yake hayakumdanganya, lakini tik ni ushahidi wa koili peke yake. Kila viulimi vinapogusana na kuachana huruka cheche, na baada ya miaka nyuso zake zinaungua zikawa nyeusi. Vinagongana vizuri tu, umeme haupiti sawasawa.

Kwa hiyo pima pande zote mbili. Rilei nyingi zina namba za Kijerumani: 85 na 86 ni koili, 30 moto (chanya ya betri) unaingia, 87 unatoka. Ikiwepo 87a, hiyo hugusana na 30 wakati rilei imepumzika. Za Kijapani mara nyingi hazifuati namba hizo, tazama mchoro ubavuni. Mita ya umeme ikiwa kwenye omu, koili kwa kawaida husoma kati ya 50 na 120. Isiposoma kitu, waya umekatika ndani.

Upande wa viulimi, usiiamini mita kwenye omu. Inapitisha umeme mdogo mno, hata kiulimi kilichoungua kinaweza kuonekana kizima. Ibebeshe rilei mzigo: chukua balbu ya taa kubwa ya wati 55, inayokula karibu ampea 4.6. Chanya ya betri ipitie fyuzi iende 30, kutoka 87 iende kwenye balbu, balbu irudi hasi. Kisha ipe koili volti 12 (rilei yenye diodi ndani, yaani kipitisha umeme upande mmoja tu, usiigeuzie chanya na hasi, utaiunguza). Balbu ikiwaka, pima volti kati ya 30 na 87. Nzima haizidi 0.2 hivi. Ikifika volti moja, itupe, wala usipoteze muda na msasa. Unakwangua madini ya fedha yaliyobaki na tatizo litarudi.

Yangu ilisoma volti 3.4, ikilia tik safi kabisa, na balbu inawaka njano kama kibatari.