Gesi ya mtungi hupimwa kwa kilo, si kwa kutikisa

Tangu uzinduliwe Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, swali tunaloulizwa sana ni hili: nimepunjwa gesi? Wengine kweli wamepunjwa. Wengine wamepigwa na baridi tu.

Gesi ikipoa husinyaa, ikipata joto hutanuka, na uzito wake haubadiliki. Kwa presha ileile, lita 100 za gesi zilizopimwa Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 hubaki kama 93 Njombe kwenye nyuzi 10. Hakuna aliyeiba lita 7. Ndiyo maana gesi ya kupikia huuzwa kwa kilo.

Ndani ya mtungi iko katika hali ya kimiminika, nacho hakijazwi hadi juu. Huachwa nafasi ya kutanukia, kwa usalama wako. Kwenye baridi kimiminika hutoa mvuke kidogo, presha inashuka, moto unafifia. Moto dhaifu asubuhi ya Julai pale Njombe si ushahidi wa wizi.

Na wanaoanika mtungi juani au kuuloweka kwenye beseni la maji ya moto "gesi iongezeke", tafadhali acheni. Haiongezeki hata gramu moja. Kinachoongezeka ni presha: kwa propani, kutoka nyuzi 20 hadi 40 hupanda kwa zaidi ya nusu.

Unaponunua, dai mtungi upimwe mbele yako. Angalia kwanza kama mzani una stika ya uhakiki ambayo muda wake haujaisha, na kama unasoma sifuri ukiwa mtupu. Kagua lakiri ya valvu. Ikiwa imelegea, kataa. Soma uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye mtungi huohuo, si wa jirani yake, kwa kuwa mitungi hailingani uzito. Ukiwa 7.2, mtungi wa kilo 6 lazima usome 13.2.

Ukipungua, usiuchukue, toa taarifa ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wako. Ukishauwasha nyumbani, kuthibitisha ni vigumu, hata ulalamike vipi. Kupunja ni kosa chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340. Muuzaji akikiri kosa anaweza kufifilishiwa, yaani kumaliza shauri nje ya mahakama kwa kulipa faini. Akikana, shauri huenda mahakamani, na mlalamikaji anaweza kuitwa kutoa ushahidi. Tunza risiti.