Kina cha Wavu Si Makazi ya Samaki

Juzi nimeletewa maandishi ya bango la maonyesho niyapitie, na kwa mara nyingine nimekuta sentensi ileile: «Abyssobrotula galatheae ni mkunga anayeishi mita 8,370 chini ya bahari.» Nimeisahihisha sentensi hiyo mara nyingi kiasi kwamba safari hii nimeona niyaandike maelezo yangu mahali pamoja. Ina makosa mawili. La kwanza nitalimaliza upesi. La pili ndilo linaloniondolea subira.

Samaki huyu si mkunga. Mikunga wa kweli wamo katika oda ya Anguilliformes na hawana mapezi ya tumboni. Huyu ni wa familia ya Ophidiidae, ndugu wa kingklip anayevuliwa Afrika Kusini, na wengi wa familia hiyo wana mapezi ya tumboni yaliyobaki kama nyuzi moja au mbili zinazoning'inia chini ya kichwa. Mwili mrefu na mapezi yaliyoungana na mkia ndivyo vinavyowapoteza watu.

Kumtambua hadi spishi ni kazi ya mezani, si ya macho tu. Samaki aliyetoka kilomita kadhaa chini hufika kwenye sinia akiwa amechubuliwa magamba na wavu, ngozi imelegea, na rangi imeliwa na spiriti. Mimi huanza na tundu la pua la mbele. Likiwa limepanda juu, mbali na mdomo wa juu, naelekea Ophidiidae. Likiwa limekaribiana na mdomo, nawafikiria familia ya jirani ya Bythitidae, ambao huzaa badala ya kutaga mayai. Kisha nafunua kifuniko cha matamvua kwa kibanio na kuhesabu miiba mirefu ya tao la kwanza, natafuta mabaka ya meno katikati ya sakafu ya kinywa, napiga eksirei ili nihesabu pingili za uti wa mgongo, na ikibidi natoa jiwe la sikio. Hata baada ya hayo yote huwa nina wasiwasi, hasa samaki akiwa mchanga, kwa sababu hesabu za spishi mbili mara nyingi hupandiana. Jenasi ya Spectrunculus ilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa na spishi moja, S. grandis, mpaka mwaka 2008 Uiblein, Nielsen na Møller walipoonyesha kwamba S. crassus, iliyokuwa imefutwa, ilistahili kurudishwa. Kwa hiyo nikipewa picha ya video iliyopigwa sakafuni mwa bahari, mara nyingi naandika jenasi au familia na kuishia hapo. Picha haina pingili za kuhesabu.

Sasa kina. Mwaka 1901 meli Princesse-Alice ya Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco ilimpata samaki wa familia hii karibu na Cape Verde kwa wavu uliofika mita 6,035. Mtaalamu wa samaki Roule alimpa mwaka 1913 jina la Grimaldichthys profundissimus, yaani wa kina kabisa, na leo anaitwa Holcomycteronus profundissimus. Mwaka 1970 meli ya utafiti John Elliott Pillsbury ilikokota wavu katika Mfereji wa Puerto Rico, yaani bonde refu la kina kirefu sakafuni mwa bahari, kwenye mita 8,370, karibu na sehemu ya chini kabisa ya mfereji huo, na samaki mmoja akapatikana. Alipochapishwa mwaka 1972 aliitwa Bassogigas profundissimus, jina ambalo wakati huo lilikuwa la yule wa Cape Verde. Ni Nielsen, mwaka 1977, aliyemweka katika jenasi mpya na spishi mpya, Abyssobrotula galatheae. Rekodi hii maarufu, kwa maneno mengine, ilianza ikiwa na jina lisilo lake, lakini namba ya kina ilinakiliwa bila mtu kuihoji.

Wavu wa namna ile hukaa mdomo wazi tangu unapozama mpaka unaporudi juu, na kwa kina hicho safari hiyo huchukua saa nyingi. Mvuvi anayevuta juya hadi ufukweni anajua kwamba hawezi kusema kila samaki aliingilia wapi. Mita 8,370 ni namba ya wavu. Kunaswa ni jambo moja na kuishi ni jingine.

Lazima niseme pia upande wa pili, kwa sababu sina uhakika kwamba rekodi hiyo ni ya uongo. Samaki hawa hukaa karibu na sakafu, si katikati ya maji, na hilo linaipa nguvu hoja kwamba aliingia chini kweli. Kwa upande mwingine, samaki wa vina vikubwa hulinda protini zao dhidi ya kanieneo kwa kujaza mwilini kemikali iitwayo TMAO. Mwaka 2014 Yancey na wenzake walikadiria kwamba kiasi kinachohitajika hufikia ukomo wake kwenye mita 8,200 hivi, maana kikizidi hapo samaki huanza kuvuta maji ya bahari ndani ya mwili wake. Namba yetu imeupita ukomo huo kidogo tu. Samaki wa familia nyingine, Liparidae, alirekodiwa kwa kamera mwaka 2022 katika Mfereji wa Izu-Ogasawara kwenye mita 8,336, na yeye alionekana akiogelea palepale. Huo ni ushahidi wa aina nyingine kabisa.

Bango nimelirudisha na maneno haya: «Samaki wa familia ya Ophidiidae, aliyepatikana mwaka 1970 katika wavu uliofika mita 8,370. Spishi hii imewahi kunaswa pia kwenye mita 3,110. Kina anachoishi hakijathibitishwa.» Nimeambiwa sentensi ya mwisho inawachosha wageni. Nimewajibu kwamba wakiiondoa hiyo, waiondoe na namba ya 8,370.