Je, wajua kwa nini PS2 yenye lenzi ya kusomea CD iliyokufa bado inacheza gemu?

Kwenye vibanda vya gemu vya Pasua na Majengo hapa Moshi, hakuna mashine inayofanyishwa kazi kama PS2, yaani PlayStation 2 ya Sony. Inawashwa watoto wakitoka shule, inazimwa usiku, na vumbi la kiangazi linaingia kila tundu. Majuzi nilisimama kwenye kibanda kimoja nikaiona imefungwa mfuniko kwa soloteipu, ndani hamna CD, na vijana wawili wanacheza mpira kama kawaida. Nikamuuliza mwenye kibanda CD iko wapi.

"Lenzi ilikufa zamani, kaka. Hii inasoma flashi."

Wengi wakisikia hivyo hudhani fundi ameifungua na kuchomelea chipu. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Siku hizi kinachobadilika ni memori kadi tu.

PS2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na hadi uzalishaji unakoma zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 150. Bodi yake ni ngumu kweli. Kinachochoka mapema ni lenzi na mota zake, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyotembea. Lenzi ikigoma, mashine nzima inawekwa juu ya kabati kwa kosa la kiungo kimoja.

Kiwandani PS2 hufundishwa kukataa programu yoyote isiyo na muhuri wa Sony. Lakini Sony wenyewe waliacha upenyo: mashine ikiwashwa, huchungulia kwanza memori kadi kuona kama kuna sasisho la sehemu inayocheza DVD. Wataalamu wa kujitolea wakatengeneza programu inayojionyesha kama sasisho hilo, wakaiita FreeMcBoot. Inakaa kwenye kadi ya kawaida ya megabaiti 8. Ukiwasha mashine, badala ya kudai CD, inakupa orodha ya programu uchague.

Mojawapo ya programu hizo ni Open PS2 Loader, na hiyo ndiyo iliyokiokoa kibanda cha Pasua. Gemu kila mara huomba data kutoka kwenye diski. Programu hii inalidaka ombi njiani, inaichukua data kwenye flashi na kuikabidhi. Gemu haijui kwamba lenzi haikuguswa.

Kuna gharama yake. Tundu za USB za PS2 ni za kizazi cha kwanza, hazipitishi zaidi ya megabiti 12 kwa sekunde, yaani kama megabaiti moja na nusu tu. Lenzi yenyewe ikiwa nzima inasoma DVD kwa zaidi ya mara tatu ya hapo. Ndiyo maana video za utangulizi hukwamakwama, ila mechi ikishaanza mara nyingi inakwenda vizuri. Mwenye PS2 ile nene anaweza kufunga diski kuu (hard disk) kwa nyuma, na mwenye kompyuta anaweza kuzivuta gemu kupitia waya wa mtandao, ambao una kasi kuliko flashi.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba ndani ya mashine hakuna kilichoguswa. Chomoa kadi, nayo inarudi kama ilivyotoka dukani. Tahadhari ni moja: geuza mashine usome namba ya modeli kabla hujanunua kadi. Zile nyembamba za mwisho, zinazoanza na SCPH-90, nyingi zilishazibwa upenyo huo. Mwaka 2020 ikapatikana njia nyingine inayopitia diski ya DVD, lakini hiyo inahitaji lenzi nzima, kwa hiyo kwa mashine ambayo lenzi imeshakufa haisaidii.

Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, nayo ilifunguliwa, yaani ilifanywa ikubali programu zisizo na muhuri wa kampuni, kwa njia inayonishangaza hadi leo. Katika mchezo wa Zelda: Twilight Princess, mchezaji humpa farasi wake jina, na mchezo umetenga nafasi ya herufi chache tu. Mwaka 2008 kikundi kimoja kilitengeneza faili ambamo jina la farasi ni refu mno. Mimina mbege ya ndoo nzima kwenye kata moja, itamwagika mezani. Herufi za ziada nazo zilimwagikia sehemu ya kumbukumbu ambayo mashine huitii kama amri. Ndani ya herufi hizo mlikuwa na programu. Leo faida yake ni kubwa kuliko wakati ule: Nintendo walizima huduma ya kucheza mtandaoni kwenye Wii Mei 2014 na wakafunga duka lake Januari 2019, lakini Wii iliyofunguliwa bado inapata wapinzani kupitia Wiimmfi, huduma inayoendeshwa na wapenzi wa mashine hiyo.

Na usidhani faida zinaishia kwenye gemu. Kodi, programu ya kutazama filamu iliyojaa kwenye visanduku vya televisheni, ilizaliwa kwenye Xbox za kwanza zilizofunguliwa kwa namna hii. Iliitwa XBMC mpaka 2014.

Upande wa sheria niseme wazi. Kuhamishia kwenye flashi gemu uliyoinunua ili kuitunza CD ni jambo moja; kugawa na kuuza nakala za jasho la wengine ni jambo jingine, na Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999. Kwa mashine mpya zinazoingia mtandaoni, kampuni ikikugundua inaweza kukufungia kabisa. Wii nayo, tofauti na PS2, huandikiwa programu ndani yake, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo inaweza isiwake tena. Tunza kwanza nakala ya kumbukumbu yake kwa programu ya BootMii.

Yule mwenye kibanda alinionyesha kadi ya pili aliyonakilishiwa na rafiki yake, ikagoma. Si mbovu. Faili za FreeMcBoot hufungwa kwa alama ya kadi ile ile zilikowekwa, kwa hiyo kuzinakili hakutoshi. Lazima kadi mpya ipitishwe kwenye programu yake ya kusakinisha. Kwa kuwa kadi yake ya kwanza bado nzima, anaweza kuifanya kazi hiyo palepale kibandani kwa dakika chache.