Zamu za prosesa: muda unapotelea wapi

Wengi wanaoleta kompyuta kwenye kitengo chetu cha TEHAMA huanza na maneno yaleyale: "Nimefungua programu nyingi, prosesa imeelemewa." Tukiifungua na kutazama, mara nyingi prosesa, kile chombo kinachotekeleza kazi za programu, imekaa tu, inasubiri.

Mfumo endeshi, kama Windows au Linux, ndio unaogawa zamu. Programu hii hupewa milisekunde chache, kisha ile, nasi tunaona muziki, kivinjari na lahajedwali vyote vinakwenda pamoja. Zamu inapobadilika, mfumo huhifadhi rejista za programu inayotoka, yaani hesabu iliyokuwa mkononi na mahali ilipofikia, kisha huzirudisha za ile inayoingia. Hilo huchukua maikrosekunde chache, pengine hata moja haifiki. Si hasara ya kumnyima mtu usingizi.

Hasara yenyewe huja baadaye kidogo. Mtazame fundi cherehani aliyekuwa akishona suruali nyeusi, mara anaambiwa aiache amalizie gauni jeupe la harusi. Kubadilisha uzi na bobini si kazi. Kinachomla muda ni meza: vipande vya suruali vilikuwa vimeshapangwa, mfuko uko hapa, mkanda uko pale, sasa avikusanye vyote, aanze kusaka mikono ya gauni kwenye rafu.

Meza ya prosesa ni kache, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani yake. Ile ya karibu kabisa huwa na kilobaiti 32 au 48 tu za data kwa kila kiini (sehemu ya prosesa inayofanya kazi kivyake), na kusoma humo ni suala la mapigo manne au matano ya saa ya prosesa. Kisichopatikana kwenye kache yoyote hufuatwa kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta, safari ya mapigo 200 na zaidi. Programu inayoingia zamu huikuta meza imejaa vitu vya mwenzake, basi mwanzoni inatembea zaidi kuliko inavyoshona. Ikinyang'anywa zamu kabla haijapanga vyake, imetembea bure.

Lipo pia jedwali dogo la anwani, linaloikumbusha prosesa data ya programu iko wapi ndani ya RAM. Prosesa za Intel zilikuwa zikifuta sehemu kubwa ya jedwali hilo kila programu ilipobadilika. Mwaka 2010 zikaanza kuja na uwezo wa kuipa kila programu namba yake humo, ili anwani za programu iliyotoka zisifutwe. ARM, wabunifu wa prosesa zinazotumika kwenye simu nyingi, walikuwa wametangulia. Lakini Linux ilianza kuitumia namba hiyo ya Intel katika toleo 4.14, Novemba 2017. Miaka saba chombo kipo, kimekaa! Januari 2018 ikatangazwa Meltdown, kasoro ya usalama ya prosesa, na kinga yake ikalazimu majedwali ya anwani kubadilishwa hata programu inapoiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huduma ndogo tu. Hapo mashine zenye namba hizo ziliumia kidogo kuliko zisizo nazo.

Kwa waandishi wa programu, nitasimulia seva moja niliyowahi kuitwa kuitazama siku ya usajili wa wanafunzi. Ilikuwa na viini 8, na mwenye programu alikuwa ameanzisha thredi 200 za kukokotoa (thredi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu), akidhani wingi ndio kasi. Niliandika `vmstat 1`, nikatazama safu ya `cs`, ambayo huhesabu mabadiliko ya zamu kwa sekunde. Namba zilikuwa zinaruka. Amri ya `pidstat -w` ikaonyesha kwamba nyingi hazikuwa za hiari, maana yake thredi zilikuwa zinanyang'anywa kiini katikati ya kazi. Tulizipunguza zikawa 8, na foleni ikaanza kusogea.

Ila thredi ikiachia zamu kwa hiari yake, kwa kuwa inasubiri mtandao au diski, kosa ni jingine, na kupunguza thredi kunaweza kukuumiza. Kazi za kusubiri hufaa kukusanywa mikononi mwa wachache: nginx, programu ya seva ya wavuti iliyotolewa na Igor Sysoev mwaka 2004, huhudumia maelfu ya wateja kwa michakato (programu zinazoendeshwa) michache, kwa kawaida mmoja kwa kila kiini. Na kama thredi zinagombea kufuli moja, yaani kizuizi kinachoruhusu thredi moja tu kugusa data kwa wakati, rekebisha kufuli kwanza. Kufunga mchakato kwenye kiini kimoja kwa amri ya `taskset` husaidia, ila nashauri hilo baada ya kupima tu.

Na yule aliyetuletea kompyuta akisema prosesa imeelemewa? Kwake kinachokwamisha huwa ni RAM iliyojaa. Mfumo huanza kuhamishia data kwenye diski, na diski ya kuzunguka hutumia takriban milisekunde 10 kufikia data ambayo RAM ingeitoa kwa nanosekunde 100 hivi: tofauti ya mara 100,000. Fungeni vichupo msivyovitumia, au ongezeni RAM.

Kwenye simu ni kinyume: usizifunge programu ovyo. Zile programu za "kuongeza kasi" zinazoua kila kitu kilicho nyuma, mimi naziondoa. Ukirudi kwenye programu iliyouawa, simu inaianzisha upya toka sifuri, kazi kubwa kuliko kuibadilishia zamu tu.